Kipa wa Pili

Baba yake alikuwa fundi wa lifti, na kila aliyenaswa kwenye lifti alikuwa msikilizaji wake wa bure.

Alishinda kutwa akizunguka majengo ya ofisi yenye lifti kuukuu, mfuko wa spana begani, na haikupita wiki bila kukuta mtu amekwama kati ya ghorofa mbili, anapigapiga mlango kwa viganja. Kabla hajagusa waya wala breki, Baba aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kusema, "Nipo hapa. Usibonyezebonyeze kila kitu. Vuta pumzi." Halafu, kwa kuwa kushusha lifti kwa mkono ni kazi ya polepole, na mtu aliyenaswa huogopa ukimya kuliko giza, alianza kupiga hadithi. Hadithi ilikuwa ile ile.

"Nina binti yangu mmoja, kipa wa timu ya taifa ya mpira wa magongo. Mpira wenyewe mgumu kama jiwe, unamjia kwa kasi ya gari. Yeye anasimama tu pale. Hakimbii!"

Aliye ndani hana pa kwenda, basi husikiliza mpaka mwisho. Wapo walioshuka chini salama wakamshukuru Baba, kisha wakamwomba awasalimie kipa.

Siku moja binti alijaribu kumsahihisha. "Baba, mimi ni kipa wa pili. Sijacheza hata dakika moja. Nakaa benchi."

"Mtu kanasa gizani, roho mkononi," Baba akamjibu, "wewe unataka nimweleze habari za benchi?"

Kwenye timu walimwita Akiba. Jina alipewa siku za mwanzo kambini, nalo halikuwa na ubaya wowote, lilieleza kazi tu. Timu husafiri na makipa wawili. Mmoja hucheza. Wa pili huvaa kila kitu, kuanzia helmeti yenye nondo usoni mpaka mabuti mapana ya sponji, kisha hukaa akingoja wa kwanza aumie. Wachezaji wengine wa akiba huingia na kutoka muda wote, maana mchezo wenyewe unaruhusu. Wakirudi benchi wanahema, wanamwagiwa maji kichwani, wanamlaani refa kidogo, wanaingia tena. Kipa habadilishwi hivyo. Kipa wa kwanza akiwa mzima, wa pili ni samani.

Akiba alikuwa amefika nchi nyingi kuliko ukoo wake wote ukiujumlisha, na kama ungemuuliza hizo nchi zikoje, angekueleza habari za mabenchi. Kuna ya plastiki, yanayonata pajani. Kuna ya mbao, yenye majina ya watu yaliyochongwa kwa msumari. Katika nchi moja tajiri sana benchi lilikuwa na umeme wa kupasha moto makalio, na akakaa juu yake mechi nzima akiwa na pedi, kinga ya kifua, kinga ya shingo na helmeti, akichemka taratibu kama kitu kilichosahauliwa jikoni. Alijua kusema "maji", "pole" na "kushoto" kwa lugha nyingi. Hakujua kusema kingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kingine. Kiwanja cha ndege, basi, chumba chenye vitanda viwili, uwanja wa nyasi bandia uliomwagiwa maji mpaka unang'aa, benchi, basi, kiwanja cha ndege. Miji yenyewe aliiona dirishani, nayo ilipita upesi kama watu wenye shughuli zao.

Begi lake lilikuwa na ukubwa wa friji ndogo na harufu ya soksi iliyolowa ikasahauliwa. Mama yake alilipiga marufuku ndani. "Hilo likae barazani," alisema. "Wezi wakilichukua, watakuwa wamejihukumu wenyewe."

Wezi hawakulichukua. Majirani, hata hivyo, walilijua, na kila lilipotoka barazani walijua mtoto wa fundi wa lifti amepaa tena kwenda kuwakilisha nchi. Walimpungia mikono. Watoto walimwomba waguse gongo. Naye alitabasamu, kwa sababu ungemwambiaje mtoto wa watu kwamba hilo gongo halijawahi kugusa mpira katika mechi?

Kipa wa kwanza, magazeti yalimbatiza Kufuli, na alistahili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mpiga makasia na ulimi wa kuchoma. Alianza kulinda lango la taifa Akiba akiwa bado shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo hakuwa ameumia wala kuugua. Hata mafua yalimwogopa. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyelelewa na bibi yake, mji mwingine, na chumbani walikolala wawili Akiba alisikia mazungumzo yao ya simu bila kutaka. Sauti ya mtoto ilikuwa nyembamba na yenye adabu mno.

"Shikamoo, Kufuli."

"Marahaba. Mimi nani yako?"

Kimya. Nyuma ya simu bibi alinong'ona kitu.

"Mama."

"Haya. Umekula?"

Baada ya simu hizo Kufuli alikuwa anakaa akibandua plasta vidoleni, moja moja, na Akiba alijifanya amelala.

Timu ile ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyejua ilianza lini: kipa wa pili humvalisha kipa wa kwanza. Si kwamba Kufuli hakuweza kujivalisha. Mikanda ya pedi hufungwa kwa nyuma, kwenye mashavu ya miguu, na mtu mzima mwenye mikono anaifikia bila shida. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kufuli alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, mikono kiunoni, akitazama ukuta. Akiba alipiga magoti sakafuni mbele yake, akaanza na mguu wa kushoto, mkanda wa chini, wa kati, wa juu.

"Kaza," Kufuli alisema. "Kaza tena. Hapo."

Ukishamvalisha mwenzio ndipo unavaa vyako, peke yako, kwa haraka, wengine wakiwa wameshatoka. Wazee wa timu walisema ni heshima. Akiba aliona ni namna ya kumwambia mtu kila mechi, bila maneno, nani anatoka kwenda kwenye mwanga na nani anabaki sakafuni. Vyumba vya kubadilishia nguo vinafanana duniani kote: saruji yenye unyevu, ndoano zilizopinda, dirisha dogo juu karibu na dari ambalo hakuna anayeweza kulifikia. Alizijua zile sakafu kwa magoti yake.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba alikuwa hodari. Mazoezini Kufuli alihifadhiwa asichoke, kwa hiyo wapigaji wote wa timu walijifunzia kwa Akiba. Mipira ilimjia kutwa, ya chini, ya juu, ya kupinda. Mwili wake ulikuwa na madoa ya buluu na ya manjano kama ramani ya nchi zenye mipaka ya ugomvi. Kulifika wakati mpira ukipigwa mkono wake unatangulia, akili inafuata baadaye kuuliza kumetokea nini. Na baada ya hayo yote, benchi.

Nje ya timu alikuwa na mahali pamoja tu pa kupumulia, napo ni dukani kwa shangazi yake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa fundi miwani. Duka lilikuwa chumba chembamba kati ya duka la dawa na sehemu ya kutoa fotokopi: kabati la fremu mbele, na nyuma mashine ya kusaga vioo, inayodondosha maji tone kwa tone na kunukia vumbi lililolowa. Kando ya mashine kulikuwa na kiti cha mbao kinachotazama dirisha na barabara. Kila aliporudi kutoka safari Akiba alikaa pale, akajifunza kusaga ukingo wa kioo mpaka uingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Alipenda kazi yenyewe, na alipenda zaidi dakika ile mteja anapovaa miwani yake ya kwanza. Watu wazima, wenye suti na vitambi, walisimama mlangoni wakasoma vibao vya barabarani kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. "Duka la... dawa! Soda baridi! Msiegeshe hapa!" Mzee mmoja alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe bado unanicheka." Mkewe akajibu, "Siku zote."

Pale, kati ya Akiba na alichokitazama, hapakuwa na nondo.

"Mikono yangu imeanza kunitania," Shangazi alimwambia kabla ya safari ya mwisho, akimwonyesha vidole vinavyotetemeka. "Nataka mtu wa kukaa hapa, si wa kupitia. Ukirudi safari hii, kiti ni chako, na duka baadaye ni lako. Usiporudi kukaa, nitamchukua binti wa pale kwenye fotokopi. Anajua kunyamaza, na hilo ndilo gumu kulifundisha."

"Nitarudi, Shangazi."

"Umeniambia hivyo mara ngapi? Mimi si timu ya taifa, mwanangu. Sina uwezo wa kumweka mtu benchi miaka."

Kutoka kwenye timu hakukuwa rahisi kama kuvua glavu. Alishajaribu. Alimfuata Kocha, mtu mfupi aliyetembea na filimbi shingoni hata wakati wa kula, akamwambia anaona atoe nafasi kwa mwingine.

"Wewe?" Kocha alishangaa kwa dhati. "Wewe ni mtu muhimu kuliko wote hapa. Kufuli akivunjika je?"

"Havunjiki, Kocha."

"Ndiyo maana nakuhitaji. Asiyevunjika akivunjika, ni msiba."

Akarudi kuokota mipira. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Baba aliweka kijiko chini, akamtazama kama amesikia lifti ikikatika waya. "Timu ya taifa haiachwi, mwanangu. Inakuacha yenyewe, ukizeeka." Na Mama, ambaye angemwelewa, alisema tu, "Muulize baba yako," jambo ambalo alikuwa ameshalifanya.

Basi safari hii aliamua kutouliza. Kulikuwa na mashindano ya kufuzu, na timu yao ilihitaji kushinda mechi ya mwisho. Wakishinda, wanakwenda kambi ndefu kujiandaa na mashindano makubwa ya dunia. Wakishindwa, timu inavunjwa, kila mtu kwao. Akiba alipanga kwamba vyovyote itakavyokuwa, filimbi ya mwisho ikilia atamfuata Kocha mbele ya wote na kusema ameacha. Mbele ya wote, ili asiweze kubembelezwa. Alirudiarudia sentensi hiyo kwenye basi, kwenye ngazi, akipiga mswaki. "Kocha, nimeacha." Maneno mawili. Hata mtoto anaweza.

Alimwambia mtu mmoja tu. Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya mechi, Kufuli amelala chali kitandani miguu imeegemea ukuta, pazia linapepea kidogo.

"Dada, nikikwambia kitu utamwambia mtu?"

"Mimi namwambia nani? Hakuna anayenisemesha, wote wananiogopa."

Akamwambia yote. Kiti, dirisha, mashine inayodondosha maji. Hata yule mzee na mkewe. Kufuli alisikiliza bila mzaha, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kisha akashusha miguu kutoka ukutani, akakaa.

"Umeshamwambia Kocha?"

"Bado. Baada ya mechi."

"Vizuri. Usimwambie kabla." Akatazama vidole vyake, vilivyopinda kila kimoja upande wake. "Na ukiondoka, wa kukufuata yupo?"

"Hayupo. Wale wa timu ya vijana bado hawajaiva. Kocha mwenyewe kasema miaka miwili, mitatu."

"Mitatu," Kufuli akarudia, polepole, kama mtu aliyepewa uzito aukisie mkononi. Halafu akacheka, akamrushia mto. "Lala, fundi miwani. Kesho tuna kazi."

Akiba alilala akiwa mwepesi. Alihisi amepata ndugu.

Kesho yake wakapasha misuli moto, na dakika chache kabla ya kuingia uwanjani Kufuli alirudi chumbani akichechemea. Alishika ukuta. Akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

"Goti limekataa," alisema.

Daktari wa timu akachuchumaa, akabonyeza hapa na pale. Kufuli akauma meno, akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake. Daktari akamfunga mfuko wa barafu. Kocha akaipuliza filimbi yake kidogo bila kujua, kwa woga, ikatoa sauti ya ndege mgonjwa. Kisha macho yote yakageuka upande mmoja, pembeni, chini ya ndoano ya mwisho.

"Akiba," Kocha akasema. "Vaa."

Alisimama. Wenzake wakatoka kupanga mstari, Kocha akatoka nao akizungumza peke yake, daktari akakimbilia kutafuta bandeji ndefu zaidi, na wakabaki wawili. Akiba aliokota pedi ya kushoto, akaiangusha.

"Lete hapa," Kufuli akasema. "Leo zamu yangu."

Akainuka kutoka benchi, akapiga magoti mbele ya Akiba kwenye saruji. Akaanza na mguu wa kushoto: mkanda wa chini, wa kati, wa juu. Ili kuufikia mkanda wa nyuma aliinama mbele, akaegemeza uzito wa mwili wote, mabega yale yote, juu ya goti lake la kushoto, lile lenye barafu. Barafu ikasagika chini yake, krr, krr. Hakushtuka. Wala hakupunguza kasi.

Akiba alitazama lile goti. Mtu aliyeishi miaka kwa magoti sakafuni anajua goti linaloumwa linavyokaa: halikai. Linaning'inizwa, linakwepeshwa, mwenyewe anabadili mguu. Hili lilikuwa limetulia kwenye saruji kama nguzo.

Kufuli akaona linatazamwa. Mikono yake ikasimama juu ya mkanda.

"Dada."

"Nyamaza."

"Dada, goti lako..."

"Nimesema nyamaza." Kufuli hakuinua uso. Sauti ilishuka, haikuwa ya magazetini tena. "Ningekuacha utangulie, mimi ningetoka lini? Unafikiri wangeniruhusu, lango tupu, hakuna wa pili? Miaka mitatu mingine. Mwanangu angekuwa ananipa mkono kama anasalimia mwalimu mkuu."

"Nilikwambia kwa kukuamini."

"Najua. Wewe umri wako unakusubiri. Wangu umeshavaa viatu." Akavuta mkanda. "Ukitaka, toka ukamwambie Kocha. Mlango huo hapo. Sitakulaumu."

Mlango ulikuwa wazi kweli. Nje zilisikika njumu za wachezaji zikigonga lami, na sauti ya Kocha. Sentensi ilikuwa ndogo tu, ndogo hata kuliko ile aliyoifanyia mazoezi kwenye ngazi: goti lake ni zima. Akiba alifungua mdomo. Kilichomjia masikioni ni ile sauti nyembamba yenye adabu, shikamoo, Kufuli, na kimya kilichofuata.

Akaufunga mdomo.

"Imekaza?" Kufuli aliuliza.

"Kaza tena," Akiba akasema. Kisha, "Hapo."

Mechi ile watu wa kwao waliiona kwenye simu zao, picha ikikatika na kurudi. Akiba mwenyewe aliikumbuka kwa vipande. Kelele ndani ya helmeti, pumzi yake mwenyewe ikimrudia usoni. Nyasi zilizolowa. Mpira wa kwanza ulimfikia kabla hajazoea ukubwa wa lango, akaona tu umelala pembeni na mguu wake umenyooka. Mguu ulishamaliza kazi. Wa pili, vivyo hivyo. Kipindi cha tatu timu yake ikapata bao, la bahati, lililogonga gongo la adui na kupinda. Bao moja kwa bila. Sare ilikuwa inawatoa.

Na mwishoni kabisa, saa ikiwa imebakiza punje, beki wao mmoja akauzuia mpira kwa mwili mbele ya nyavu. Refa akaonyesha kidole kwenye alama. Penalti. Mpigaji mmoja, kipa mmoja, wengine wote wakarudishwa nyuma.

Akiba alisimama kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza siku ile akili yake ilipata nafasi ya kutangulia. Iliona mambo yote kwa uwazi wa kioo kilichotoka kusafishwa. Mpira ukiingia, sare. Sare, wametoka. Wametoka, hakuna kambi, timu inavunjwa, kila mtu kwao. Kiti bado kipo. Na nani atamlaumu kipa kwa penalti? Hakuna duniani anayemlaumu. Watampigapiga bega, watasema umejitahidi. Kinachotakiwa ni kusimama tu. Si ndiyo sifa anayopewa kwenye lifti zote za mji, kwamba husimama tu pale?

Alipanga kusimama. Aliviambia visigino vyake vishike ardhi. Alitazama mpigaji, msichana wa rika lake mwenye plasta kidevuni, akamtakia heri kwa moyo wote.

Filimbi. Bega la mpigaji likashuka kidogo upande wa kulia, kidogo tu, na mkono wa kushoto wa Akiba ukaondoka.

Haukumuuliza. Uliondoka kama mbwa aliyeona paka. Mwili ukafuata mkono, akili ikabaki nyuma kwenye mstari ikiita rudi, rudi, na glavu ikakutana na kitu kigumu juu karibu na mwamba. Akaanguka kifudifudi. Aliposikia kelele, alijua ni za upande upi. Aliendelea kulala pale na paji la uso kwenye nyasi zilizolowa, na wenzake walipomrukia mmoja baada ya mwingine wakamfunika, alikuwa chini kabisa, hapumui vizuri, haoni mwanga.

Walipomwinua, Kocha alimkumbatia pedi na vyote. Alikuwa analia waziwazi.

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Benchi, Kocha. Kushoto kwako."

Kila mtu aliangua kicheko, wakidhani ni utani. Sasa ulikuwa wakati wa ile sentensi yake, mbele ya wote, kama alivyopanga. "Kocha," alianza, "nimea..."

"Usiseme kitu! Najua! Uwanja wa ndege mpaka kambini, moja kwa moja, hakuna kwenda nyumbani. Goti la Kufuli daktari hajui hata lina nini, tumwache apumzike, mwanamke amelitumikia taifa. Wewe ndiye tuliye naye. Huna wa pili, unasikia? Usithubutu hata kupiga chafya!"

Nyuma ya mabega ya watu alimwona Kufuli kwenye benchi, mguu juu ya kiti, simu sikioni. Alikuwa anatabasamu kwa mtu aliye mbali. Macho yao yalikutana. Kufuli akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo.

Chumbani Akiba alikaa peke yake, wengine wakiimba nje. Alijaribu kuvua helmeti, kifungo cha chini ya kidevu kikagoma. Kilikuwa kimepinda alipoanguka. Akavuta. Akasukuma. Vidole ndani ya glavu vilikuwa vinene na vya kijinga. Simu ikaita mfukoni mwa begi, akaipokea kwa shida, akaibana kati ya nondo na sikio.

Alikuwa Shangazi. "Nimekuona, mwanangu. Umeruka vizuri. Baba yako amepiga kelele mpaka jirani kaja na ndoo, akidhani duka linaungua." Nyuma yake tone la maji lilidondoka kwenye mashine, kisha jingine. "Basi. Nitaongea na yule binti wa fotokopi."

"Shangazi, ningoje kidogo..."

"Nimekuona, nimekwambia. Wasiokuona jana, leo wamekuona. Hawakuachi hao. Chukua, baba yako huyu hapa ananinyang'anya simu."

Akamsikia Baba akihema. Akatarajia vigelegele. Lakini upande wake Akiba alikuwa analia sasa, akikivuta kile kifungo kwa mikono miwili, simu ikisugua nondo, na kwenye masikio ya fundi wa lifti sauti ile haikuwa ngeni: mtu aliye ndani ya kitu, anapigapiga.

"Mwanangu? Kuna nini? Uko wapi?"

"Ndani, Baba. Haifunguki."

Hakuuliza nini haifunguki. Miaka ya kazi ilimtangulia, kama vile mkono wa binti yake ulivyomtangulia mwenyewe.

"Nipo hapa," Baba akasema, taratibu, mdomo karibu na simu. "Usivutevute kila kitu. Vuta pumzi. Umevuta?"

"Nimevuta."

"Basi tulia, watu wanakuja kukufungulia. Mimi nakaa hapa hapa." Akatafuta la kusema, ukimya usije ukamtisha aliye ndani, na akalipata pale pale alipozoea kulipata. "Nikwambie kitu? Nina binti yangu mmoja, kipa wa timu ya taifa..."